Kelele za Diski ya Maurice

Ukitaka kumchokoza Maurice Kabwe, mwambie kwamba diski zote za kompyuta ni sawa na kwamba tofauti yao ni bei tu. Hatakujibu. Ataweka chini kikombe chake, atashusha diski mbili kutoka rafuni, ataziwasha na kulaza kila moja juu ya sahani ya bati iliyofunikwa kifudifudi. Halafu atakuonyesha kwa kidevu kwamba usikilize. Nawe utasikiliza, maana mwenye duka akinyamaza na kukukazia macho, mteja atafanya nini kingine.

Duka lake liko Kamina, upande wa stesheni, chumba kimoja chenye mlango wa buluu na maneno ya Kifaransa yaliyopakwa rangi juu yake. Anapiga fotokopi na kuwachapia watu barua. Lakini kazi iliyompa jina ni ya kutunza filamu. Arusi ikipigwa picha, komunyo ya kwanza, mazishi ya mtu mkubwa, watu humletea Maurice aihifadhi, kwa sababu simu huibwa na flashi hupotelea mifukoni. Ukoo mzima umelala ndani ya visanduku vyake vya chuma, wazima na wafu, na hilo ndilo lililomfundisha kutega sikio.

Viwanda vimezipa diski zao majina ya kwao. Maurice hana haja nayo. Yeye anazo aina tatu tu, na majina amezipa mwenyewe. Ya kwanza ni Lelo, yaani "leo" kwa Kiluba, kwa kuwa kesho haijui. Ni nyepesi na ina rangi nzuri, na vumbi la kiangazi kimoja linatosha kuimaliza. Ya pili ni Masista. Hiyo ukiiwasha hujui kama imewaka. Inakwenda kimya kama watawa wanavyotoka kanisani, na wateja wote wanaipenda, hasa wale wenye ofisi. Ya tatu ni Moulin, kwa sababu inanguruma kama kinu cha mahindi cha sokoni. Ikitafuta kitu inagonga, ikikipata inagonga, na usipoipa kazi inajikuna yenyewe.

"Papa Maurice, debe tupu haliachi kuvuma," wateja walimtania. "Utupatie Masista."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alijibu. Akawaeleza, kwa mara ya mia, kwamba Masista haiugui. Asubuhi iko, jioni haiko, na arusi yako imekwenda nayo. Moulin inalalamika mwaka wa kwanza, inalalamika wa tano, na siku inapotaka kufa itakupigia kelele mpya juma zima ili uhamishe mali yako. Basi mtu akimsikiliza mpaka mwisho, huenda kwa Ismaeli sokoni, mfanyabiashara wa ukoo uliotoka Maniema zamani, na kununua Masista.

Kupima sauti alitumia mwiko. Ncha moja aliiweka juu ya diski, nyingine sikioni, kisha akafumba macho. Ulikuwa mwiko wa mkewe, Nday, wa kusongea bukari, yaani ugali, na aliuchukua jikoni mara nyingi hata Nday akachoka kuudai. "Uendelee nao," alimwambia siku moja. "Lakini siku utakula bukari ya mabonge, usinililie."

Nday alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa, na Kamina aliuza samaki wakavu waliotoka kwao. Nyumbani aliishi na Moulin moja, ile ya Maurice mwenyewe, iliyokaa juu ya meza ndogo dirishani, imeungwa na betri ya sola. Miezi ya mwanzo aliichukia. Ila nyumba ile mtandao wa simu ulishika hapo dirishani tu, na kila jioni Nday alipotaka kumpigia mama yake ilimbidi kusimama ubavuni mwa meza ile, sikio moja kwenye simu, jingine amelizibia kinu. Baadaye aliacha kuliziba. Watu huzoea.

Msimu huu wa mvua Nday alipata homa. Alikwenda nayo sokoni, akarudi nayo, akapika nayo, na Maurice alipomuuliza alisema ni uchovu tu. Alipokubali kulala kitandani ilikuwa imebaki kumbeba. Alifariki kabla ya jua kupanda. Na Maurice, ambaye husikia diski ikichoka kutoka chumba cha pili, alikuwa hajasikia kitu.

Hakulia. Watu waliokuja waliliona hilo, wakasema ni mshtuko, atalia kesho. Kesho yake hakulia vilevile. Alikuwa amekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaugusa, nao haukujibu. Walimpa chai, akanywa. Walimwambia akae, akakaa.

Shangazi yake Nday, aliyeitwa Tantine Mwanza, ndiye aliyeshika nyumba. Alimwomba Maurice picha nzuri ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza. Maurice alikwenda sebuleni, akaiwasha Moulin, akaipata picha na kumpa ndugu mmoja ndani ya flashi akaichape dukani. Ile diski ilikuwa bado inazunguka wakati mtu aliposema mlangoni kwamba Mama Nday, mzazi wa marehemu, amefika kutoka Kinkondja. Maurice akainuka, akaingia chumba cha kulala na kushusha pazia la mlangoni. Hakungoja kuzima kitu.

Asingeweza kungoja. Katika ukoo ule, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani, hawapeani mkono, na neno la mmoja humfikia mwenzake kwa kinywa cha mtu wa tatu. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu amwoe Nday, Maurice alikuwa amemwona Mama Nday mgongo tu, na alimpenda kwa umbali huo.

Nyumba haikuwa na dari, na kuta zilikomea usawa wa milango, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilipita juu ya ukuta. Maurice alikaa kitandani akasikia kilio cha mama mwenye mtoto. Kilikuwa kirefu. Kilipopungua, kwa kuwa hata kilio huvuta pumzi, chini yake ikasikika Moulin ikinguruma na kugonga.

"Ni nini ile iko nalia?" aliuliza Mama Nday.

"Ni mashini ya Maurice," alijibu Tantine Mwanza.

"Mutoto wangu analala pale, na kintu inasaga tu. Zimisheni."

"Hatuyue fasi ya kuzimisha, mama."

Maurice alisikia khanga ikisugua mkeka. Alijua ni Mama Nday anayeinuka, na alijua kinachofuata. Diski ikiwa inazunguka haivutwi waya. Huwaambia hivyo watoto wa shule, huwaambia mapadri, ameliandika ukutani dukani kwa herufi kubwa. Neno moja tu lingetosha, lipite juu ya ukuta: muache. Lakini upande wake hakukuwa na mtu wa kulipeleka, na kumwita mama mkwe kwa kinywa chake, tena siku ile, ingekuwa ni kumvua nguo mbele ya watu. Basi akanyamaza. Na kama ukweli lazima usemwe, wakati ule hakujali. Angeisikia nyumba ikianguka asingeondoka kitandani.

Waya ulivutwa. Diski ikaufuata, ikaanguka juu ya saruji huku bado inakwenda. Ulisikika mkwaruzo mfupi, basi. Kina mama wakarudia kulia.

Walimzika Nday. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha. Kabla ya Mama Nday kushika njia ya kurudi kwao, treni mpaka Bukama na kutoka hapo mtumbwi, alimtuma Tantine Mwanza kwa mkwewe. Tantine akaketi mlangoni pa chumba, akasema kama alivyotumwa.

"Mama anasema hivi: Nday alimwambia ku simu asema ulimukamata sauti. Asema alisalimia mama yake mu mashini yako, siku mama atakuya Kamina atasikia. Leo masikio yake inajaa kilio, hawezi kusikia. Siku ya kutosha kilio, matanga yakiisha, atarudia. Utamusikilizisha."

"Nimesikia, tantine," alisema Maurice.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amenunua maikrofoni ya mkono wa pili na alitaka kuijaribu. Nday alikuwa ndio kwanza amerudi sokoni, ananuka samaki. Alipoambiwa aseme lolote, aliuliza atasema nini kwa chuma. Halafu akamsemesha mama yake, kwa Kiluba, kwa muda mrefu. Aliulizia wavu, aliulizia mbuzi fulani mkorofi, akajicheka, akaanza tena. Maurice aliitia ile sauti ndani ya Moulin, akaenda zake. Wateja wake huwahimiza watie kila kitu mahali pawili. Yeye alisema nitaitia kesho. Mganga hajigangi.

Ndipo alipoishusha ile diski kutoka juu ya kabati, ambako kina mama walikuwa wameiweka imefungwa vizuri ndani ya kitambaa, kama kitu cha marehemu. Akaiunga kwenye umeme. Ikanguruma, ikagonga, ikagonga tena, kwa mwendo mmoja, kisha ikazima yenyewe. Aliweka mwiko juu yake, akasikiliza upya. Alikuwa amesikia mlio huo kwa diski za watu wengine, na siku zote aliwaambia pole. Safari hii hakusema pole. Alitazama mwiko, akaona bado una ukoko wa bukari kwenye ufa wake, na hakusikia chochote moyoni. Jambo hilo lilimwogopesha kuliko ile diski.

Alikwenda kwa Ismaeli. Ismaeli aliizungusha mikononi bila kuiwasha.

"Ilianguka?"

"Ilianguka."

"Nani aliangusha?"

Maurice alitazama redio zilizopangwa nyuma ya rafiki yake. "Ilianguka tu."

Ismaeli ni muuzaji, anajua mtu anapokataa kutaja bei. Hakumbana. Alitafuta sokoni kote mpaka akapata Moulin nyingine ya kizazi kilekile, pacha wake hasa, wakang'oa kibao cha umeme cha chini cha yule mzima wakamfungia mgonjwa. Njia hiyo huwa inasaidia. Waliiwasha juu ya sahani ya bati. Ikanguruma kwa nguvu mpya, ikagonga vilevile, ikazima vilevile.

"Ugonjwa iko ndani," alisema Ismaeli. "Kile kisindano kinasoma kimevunjika, ndugu yangu. Kila wakati unawasha, kinakwangula. Usiwashe tena."

"Nayua."

"Kama ingekuwa Masista?"

Maurice alifikiri kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa la kazi na kazi bado aliiweza. "Masista haingesikika," alisema. "Hakuna mwenye angesema wazimishe."

Ismaeli akatazama chini. Sasa alikuwa ameelewa nani alivuta waya, maana mambo ya kilio husambaa. Aliagiza vikombe viwili vya kahawa kutoka duka jirani, maana Waislamu wa ukoo wake hawaachi mtu mwenye msiba aondoke mkavu. Aliposema tena alishusha sauti.

"Sasa utamuambia nini yule mama? Umuambie njo yeye aliangusha?"

"Yeye anaona kama alimuzikaka mutoto mara moja. Nimuambie alimuzika mara mbili?"

"Basi sema haukukamata sauti."

"Nday alimwambia mwenyewe. Nimufanye Nday muongo, na eko mu udongo?"

Ismaeli akamtilia sukari kikombeni.

Maurice alirudi dukani, akaendelea. Alipiga fotokopi. Watu walipomuuliza diski gani ni nzuri, alijibu zote ni sawa, chukua unayotaka, na mji mzima ukajua kwamba Papa Maurice hayuko vizuri. Alikula akashiba bila kujua alichokula. Ndugu zake walimpikia bukari, ilikuwa ya mabonge, akaila. Nyumbani alihamisha meza ndogo kutoka dirishani, akairudisha, akaiacha. Jioni palikuwa kimya sana pale, kimya ambacho angekisifu mteja wa ofisi. Wakati mwingine alijikuta amesimama katikati ya sebule anasubiri kitu kianze kunguruma.

Siku ya kuanua matanga ilifika, na mahindi mapya yalikuwa yameshaanza kuuzwa njiani kutoka Kaniama. Walifanya misa asubuhi, wakanyolewa walionyolewa, wakala, wakanywa. Maurice alioshwa na ndugu za Nday kama ilivyotakiwa, akavishwa shati jipya. Watu wakapungua. Tantine Mwanza akaja mlangoni pa chumba cha kulala.

"Mama eko sebuleni. Amegeuka ukutani. Asema sasa masikio iko tayari."

Maurice alikuwa amejiandalia maneno. Alikuwa amekusudia kusema kwamba umeme wa radi umeiunguza mashine, kwamba ni kazi ya Mungu, kwa vile Kamina radi haikosi lawama. Akafungua kinywa, maneno hayakutoka. Badala yake akainuka, akachukua ile diski kwenye kitambaa chake, betri na waya, akaviweka sakafuni kwenye kizingiti, yeye akiwa upande wa chumbani na pazia likiwa limeshuka. Hakujua anafanya nini. Labda alitaka ile mashine iseme yenyewe kwamba haiwezi, isiwe yeye.

Akawasha.

Moulin ikanguruma. Sauti yake ilipita chini ya pazia, ikapanda kuta zisizo na dari, ikajaa nyumba. Ikagonga, ikagonga, ikagonga. Kisha ikazima.

Maurice alisubiri swali. Alisubiri Tantine Mwanza aje aulize, sauti iko wapi. Kisha Mama Nday akasema, na hakumwambia Tantine.

"Njo ile."

Ndiyo yenyewe, alikuwa anasema.

"Njo ile," alisema tena. "Kila mangaribi alinipigia, hii iko nyuma yake. Namuuliza, Nday, kwenu mvua inanyesha? Asema hapana mama, ni kintu ya Maurice. Namuuliza, haichoke? Asema ikinyamaza njo nitaogopa." Alivuta pumzi. "Ilipita miaka. Kama nasikia ile, nayua mutoto wangu eko mu nyumba yake, na bwana yake eko. Hata kama hasemi, nayua."

Tantine Mwanza alianza kulia polepole. Mama Nday hakulia. Alikuwa na neno lingine, na lilichelewa.

"Siku ile ya kilio, kintu nilivuta. Ilikuwa hii?"

Alikuwa anamuuliza yeye. Hapakuwa na mtu wa tatu katika swali lile, na Tantine aliyekuwa anajifuta machozi hakulipokea avuke nalo. Lilipita pazia lenyewe. Kwa miaka yote Maurice hakuwahi kumtamkia mama huyu neno hata moja.

"Hapana, mama," alisema. "Hii ilikuwa ya zamani. Ilichoka yenyewe."

Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. Kutoka ng'ambo ya pazia Maurice, ambaye kazi yake ni kusikiliza, alisikia kwamba Mama Nday hakuamini, na kwamba ameupokea uongo wake.

"Asanti, mutoto wangu," alisema mama mkwe. Kisha: "Washa tena."

Maurice alijua kila kitu kuhusu diski ya namna ile. Alijua kisindano kilichovunjika kinakwangua pale pale ilipolala sauti ya Nday, salamu yake, wavu, mbuzi, kicheko, na kwamba kila kuwasha kunaondoa kipande ambacho fundi yeyote duniani hataweza kukirudisha. Mteja akifanya hivyo mbele yake humpiga mkono. Kitu kikaanza kumuuma chini ya mbavu, kidogo, halafu sana, kama damu inavyorudi kwenye mkono uliolaliwa. Uso ulikuwa umelowa, naye alifurahi kwamba unalowa.

Akawasha tena.